Majani ya kuwekea ngombe chakula cha kiangazi

Katika milima ya Kivu, kiangazi kinaanza mwezi wa 6 na kuendelea hata mwezi wa 8. Majani ya malisho yanakuwa magumu, na ngombe anatembea siku nzima bila kushiba. Maziwa yanapungua, ndama anakonda, na mwenyewe anauza mnyama kwa bei ndogo. Lakini mwezi wa 4 majani yalikuwa tele!

Zamani wakulima wengi wa Ubelgiji walipanda betiravu, mizizi minene. Waliivuna mbele ya baridi, waliifunika kwa majani makavu na udongo, na ngombe waliila wakati wa baridi. Sisi tunayo matete, ambayo wengine wanayaita bingobingo. Hayo nayo yanawekwa chini ya udongo.

Chimba shimo mahali penye mtelemko, maji yasipate kusimama: urefu metre 2, upana metre 2, kwenda chini metre 1. Shimo hilo likijaa vizuri, linashika karibu kilo 2.000. Ngombe mmoja akipewa kilo 20 kila siku, juu ya yale anayojitafutia, anapata chakula cha miezi 3. Basi, shimo moja kwa ngombe mmoja.

Kata matete yakiwa marefu kama metre 1. Usingoje yazeeke, kwa maana shina la zamani ni kuni, si chakula. Yaache juani siku moja, kisha uyakatekate vipande vidogo kama urefu wa kidole.

Sasa angalia sana. Kinachoharibu majani ni hewa. Tia majani kidogo, ukanyage. Tia tena, ukanyage tena, hata mguu usizame. Ita watoto wote wa nyumba, wataifurahia kazi hii. Maliza kwa siku moja au mbili. Funika kwa majani ya migomba, halafu udongo mwingi, na uchimbe mfereji pande zote.

Ngoja majuma 6. Fungua upande mmoja tu, twaa ya siku ile, ufunike tena. Majani mazuri yana rangi ya kimanjano na harufu ya uchachu kidogo. Yaliyooza au kuota ukungu, yatupe. Mpe ngombe baada ya kukamua, si mbele, maana maziwa yanashika harufu upesi.