Marudio na Jedwali Lake: Mfano wa Mabomu ya London

Mwezi Juni 1944, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani walianza kuushambulia mji wa London kwa mabomu yasiyo na rubani, yaitwayo V-1. Ikavuma habari kwamba mabomu hayo huanguka kwa mafungu: mtaa mmoja hupigwa tena na tena, na mtaa wa jirani husalimika. Ikiwa habari hiyo ilikuwa ya kweli, adui aliweza kulenga shabaha, na mzazi alikuwa na sababu ya kuwahamisha watoto wake mtaa wa pili. Ikiwa si kweli, kuhama huko kulikuwa ni kujisumbua bure.

Swali la namna hii halijibiwi kwa kuitazama ramani tu, kwani jicho la binadamu huona mafungu hata mahali yasipokuwapo. Mwaka 1946 R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, alichapisha jibu lake. Aliigawa sehemu ya kusini mwa London, yenye kilomita za mraba 144, katika miraba 576 iliyo sawa, kila mmoja robo ya kilomita ya mraba. Kisha akahesabu mabomu yaliyoanguka katika kila mraba. Jumla yake ilikuwa 537.

Orodha ya namba 576 haisomeki. Hapo ndipo dhana ya marudio inapohitajika. Marudio ya thamani fulani ni idadi ya mara ambazo thamani hiyo yatokea katika orodha. Anayehesabu huandika thamani zote katika safu ya kwanza, kisha huipitia orodha mara moja tu, akipiga kijistari kimoja mbele ya thamani kila aikutapo; kijistari cha tano hukata vinne vilivyotangulia, ili baadaye vihesabiwe tano tano. Kuipitia orodha upya kwa kila thamani ni kazi ndefu, tena huzaa makosa.

Matokeo ya Clarke yalikuwa haya:

Mabomu katika mraba — Marudio (miraba) — Asilimia
0 — 229 — 39.8
1 — 211 — 36.6
2 — 93 — 16.1
3 — 35 — 6.1
4 — 7 — 1.2
5 au zaidi — 1 — 0.2
Jumla — 576 — 100.0

Yafaa mwanafunzi aitazame safu ya kwanza kwa makini. Jumla ya marudio ni miraba, wala si mabomu. Ili kupata mabomu, kila thamani huzidishwa kwa marudio yake: 211, 186, 105 na 28, yaani 530. Kwa kuwa mabomu yote yalikuwa 537, ule mraba mmoja wa mwisho ulipigwa mabomu 7. Hivyo maneno "au zaidi" huficha jambo, lakini mwenye jumla aweza kulifichua.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuiacha thamani 0, kwa kudhani kwamba pasipo bomu hapana cha kuhesabu. Wastani wa kweli ni 537 kwa 576, yaani 0.93 kwa mraba. Miraba 229 ikiachwa, wastani huwa 1.55, na mji waonekana umepigwa kupita kiasi.

Je, mabomu yalilengwa? Kanuni iliyotolewa na Mfaransa Poisson mwaka 1837 hukadiria marudio yanayotazamiwa ikiwa wastani ni 0.93 na kila bomu laanguka popote kwa nasibu. Makadirio yake ni miraba 227, 211, 99, 31, 7 na 2. (Jumla yafika 577 kwa sababu ya kukaribisha desimali tu.) Yakilinganishwa na jedwali, tofauti ni ndogo mno. Mitaa iliyopigwa mara nne haikuchaguliwa na mtu. Nasibu peke yake yatosha kuizaa.

Darasa laweza kulijaribu jambo hili bila kanuni yoyote. Wanafunzi wachore miraba 100, kumi kwa kumi, na kuipa namba kuanzia 00 hadi 99. Vikaratasi kumi vyenye tarakimu 0 hadi 9 vitiwe katika kopo. Kimoja kichomolewe, kisomwe, kirudishwe, kopo litikiswe, kisha kichomolewe cha pili. Tarakimu hizo mbili hutaja mraba, na punje moja ya mtama huwekwa humo. Kazi hiyo irudiwe hadi punje 93 ziishe. Kuzirusha punje kwa mkono hakufai, maana nyingi huelekea katikati. Baada ya hapo jedwali litengenezwe kama lile la juu, na asilimia zake zilinganishwe na za London. Darasa lenye makundi matano litapata majedwali matano yasiyofanana kabisa, na yafaa yote yaandikwe ubaoni kabla ya kujumlishwa kuwa moja.