Ridhaa ya Mgonjwa na Dhamana ya Tabibu



Baada ya darsa la wiki iliyopita, ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza: mkalimani akitafsiri vibaya, mgonjwa akatia dole gumba kwenye fomu ya upasuaji, dhima ni ya nani? Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, na sisi tunaosomea udaktari hapa Mbarara tunakutana nalo kila mara.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi waliotoka Rwanda. Leo katika kanda zake tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, utawakuta Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia. Kesi zinazoshinda vituo vya huko huletwa kwa rufaa katika hospitali ya mkoa hapa mjini. Sasa mfikirie mama Msomali mwenye uchungu pingamizi, amefika saa sita usiku, na muuguzi wa zamu anasema Kinyankore na Kiingereza. Nani atamweleza kwamba atapasuliwa, na kwa nini?

Tuanze na fiqhi. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa hadithi inayombebesha dhamana mtu anayetibu watu ilhali hajulikani kwa ujuzi wa tiba. Ibnul-Qayyim, rahimahullah, katika Zadul-Maad ameifafanua kwa kuwagawa matabibu mafungu matano. La kwanza ni tabibu hodari, aliyepewa idhini na akaitimiza kazi kama ipasavyo: huyo halipi, hata mgonjwa akifa. Mjinga aliyejifanya tabibu analipa. Hodari ambaye mkono wake umeteleza analipa pia, na aliyekosea katika kukadiria dawa kwa ijtihadi ana hukumu yake.

Fungu la tano ndilo linalotuhusu. Ni hodari aliyepasua bila idhini ya mgonjwa au ya walii wa asiye na uwezo wa kuamua. Wanachuoni wa madhehebu yake walisema analipa, kwa kuwa msingi wa kitendo chake ni kisichoruhusiwa. Ibnul-Qayyim mwenyewe aliona ipo hoja ya upande wa pili, maana tabibu huyo alikusudia wema. Lakini tazameni jambo moja: uhodari peke yake haukumtoa kwenye mjadala. Mwili ni amana ya mwenyewe.

Je, dharura? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba idhini ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa na akili timamu na uwezo kamili, na kwamba maisha yakiwa hatarini tiba haisubiri idhini. Kwa hiyo yule mama wa saa sita usiku, akiwa amezimia, anapasuliwa. Akiwa macho na anasikia, anaulizwa yeye. Hapa naona wengi wetu tunateleza: mume yupo nje ya mlango, tunamkimbilia yeye na karatasi kwa sababu anajua Kiswahili.

Tena idhini ina mipaka yake. Aliyekubali kupasuliwa ili mtoto atolewe hajakubali kufungwa kizazi.

Sheria ya Uganda haiko mbali na haya. Katiba ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya kila mtu, haikusema raia tu. Na kuhusu kuwepo kazini, kuna kesi ya Nakaseke. Mwaka 2011 mama mmoja alifika hospitali hiyo na uchungu pingamizi. Daktari wa zamu hakuwepo, na mama akafariki baada ya saa nyingi za kusubiri. Shirika la CEHURD likaishtaki wilaya, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamuru familia ilipwe fidia. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba nayo ikahukumu, katika shauri lililofunguliwa 2011, kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Nimeshangaa jinsi wachache wetu tunavyozijua hukumu hizi, na ilhali jina la fiqhi hatulikosi mdomoni.

Turudi kwa mkalimani. Katika wodi moja niliyopita, mtoto wa miaka kumi na miwili hivi alikuwa akimtafsiria mama yake maswali kuhusu kutokwa damu. Mtoto aliona haya, akaruka maneno, na mama akajibu swali ambalo hakuulizwa. Jirani naye ana tatizo lake: anasikia siri, kisha anarudi nayo kambini kwenye foleni ya maji.

Jawabu langu kwa yule ndugu ni hili. Mkalimani anabeba dhima ya alichokipotosha kwa makusudi. Lakini kazi ya kuhakikisha mgonjwa ameelewa ni ya mwenye kisu. Basi atafutwe mtu mzima, ikiwezekana mwanamke kwa mwanamke, aonywe kuhusu siri kabla ya kuanza. Mgonjwa aombwe kueleza kwa maneno yake mwenyewe atakachofanyiwa, na asipoweza, aelezwe upya. Na jina la mkalimani liandikwe kwenye faili, kando ya lile dole gumba.