Somo la Mwezi: Alama za Mtihani na Jino la Mgonjwa

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja juu ya alama za mtihani, na juu ya mashindano yanayoingia mioyoni mwa vijana kwa ajili yake. Mfano wetu tutauchukua katika masomo ya udaktari wa meno, maana huko yaonekana wazi alama ina faida gani, na mpaka wake ni wapi.

Na tuanze nyumbani. Asubuhi katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mitumbwi hurudi na dagaa, nao huanikwa juani. Wakikauka hupimwa kwa mizani. Mizani ni kitu chema, maana pasipo mizani mnunuzi huonewa, na mvuvi pia huonewa. Walakini mizani haijavua hata dagaa mmoja. Tena akitokea mwenye tamaa akachanganya mchanga katika gunia, uzito utaongezeka, naye atapokea fedha yake. Lakini mlaji aliye mbali, Dar es Salaam au Lubumbashi, atauma mchanga. Alama ya mtihani ni mizani ya namna hiyo.

Sasa tumfuate kijana wa Ujiji atakaye kuwa daktari wa meno. Yampasa kufaulu kidato cha nne, kisha kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, ndipo aombe nafasi ya chuo. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, mafunzo hayo yalianza mwaka 1979. Masomo ni ya miaka 5, na baada yake mwaka 1 wa kazi hospitalini chini ya wakubwa. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Basi tangu utoto kijana huyu amejifunza kwamba alama ya mwenzake ni hasara yake. Wala kosa si lake peke yake. Nchi nzima ilizoea kusoma majina ya wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Desturi hiyo Baraza la Mitihani liliiacha Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022. Imeondoka katika matangazo. Je, imeondoka mioyoni mwetu?

Akiisha kuingia chuoni, jambo jipya humpata. Wote waliokuwa wa kwanza katika shule zao wamekusanyika katika chumba kimoja, na kati yao hapana budi mmoja awe wa mwisho. Aliyezoea kuongoza hujiona wa thelathini, naye hudhani amekuwa si kitu. Ndipo mwingine huficha daftari lake, mwingine huficha karatasi za mitihani ya zamani, na mwingine hufurahi moyoni mwenzake akianguka. Twauliza, washindania nini? Walishindania nafasi, na nafasi wamekwisha kuipata wote. Ni kweli, alama njema zaweza kumfaa mtu atakapotaka kusomea ubingwa. Lakini jino la mgonjwa halitatibiwa vizuri zaidi kwa kuwa jirani alinyimwa daftari.

Iko hatari nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Katika mafunzo ya meno mwanafunzi hasomi vitabu tu; hutibu wagonjwa wa kweli, mwalimu akimwangalia. Mara nyingi hutakiwa kutimiza hesabu: meno kadha ya kung'oa, kadha ya kuziba. Kusudi ni jema, maana mkono haufundishwi kwa maneno. Walakini mwenye kutafuta alama tu huanza kumwona mgonjwa kama hesabu yenyewe. Huliona jino linaloweza kuzibwa, naye moyoni asema, "Mimi nimebakiza la kung'oa." Jino la mtu mzima likiisha kung'olewa halioti tena. Hapo ndipo mchanga umeingia katika gunia.

Tena tumwone daktari huyo amekwisha kupelekwa huku kwetu, mbali na walimu wake kwa reli ya kilometa zipatazo 1,250. Usiku analetwa mvuvi, taya limevimba kwa ajili ya jino bovu lililoachwa siku nyingi. Uvimbe wa namna hiyo ukishuka chini ya ulimi na shingoni, waweza kuziba njia ya pumzi na kuua. Mgonjwa yule haulizi, "Ulikuwa wa ngapi darasani?" Anataka mtu ajuaye, mwenye mkono wa huruma, asiyeona haya kumpigia simu mwenzake akasema, "Nisaidie, hili silijui vema." Aliyewaficha wenzake daftari miaka 5, atampigia nani?

Au analetwa mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha, na bibi yake asema ni "meno ya plastiki". Imani hiyo imeenea sehemu mbalimbali za Tanzania, na watoto wengi wamechimbuliwa ufizi kwa ajili yake, wakatokwa damu na kupata vidonda vibaya. Kumbe kinachoonekana ni jino changa lenyewe likingoja kuota. Kumweleza bibi huyo kwa upole hata akubali, ni kazi isiyopimika sana katika karatasi ya mtihani. Walakini maisha ya mtoto yategemea kazi hiyo.

Basi, je, tuzidharau alama? Hasha. Aliyeshindwa somo la kutia ganzi na arudie, hata akilia, maana kikomo kile cha chini ni ukuta umlindao mgonjwa. Twasema hivi tu: alama humwonyesha mwanafunzi alichokosa, apate kukitafuta. Akiifanya kuwa taji ya kichwa, hataki tena kuonyeshwa kosa. Naye asiyetaka kuonyeshwa kosa amekwisha kuacha kujifunza.

Ninyi wazazi, neno hili lawahusu. Mtoto arudipo na karatasi yake, swali letu la kwanza huwa, "Umekuwa wa ngapi?" Afadhali tuulize, "Umekosa nini, na sasa umekielewa?" Tena, "Ni nani uliyemsaidia?" Mtoto aulizwaye hivyo kila muhula atajua wazee wake wathamini nini.

Maswali ya kufikiriwa pamoja:
1. Mizani ina kazi gani mwaloni, na kazi gani haiwezi kuifanya?
2. Kwa nini mwanafunzi aliyekwisha kupata nafasi huendelea kuwaogopa wenzake?
3. Katika kazi yako mwenyewe, ni wapi hesabu imekufanya umsahau mtu?