Dondoo muhimu: Una kisukari? Pima mkojo kwa ajili ya moyo

Mwenye kisukari aina ya pili akiambiwa figo zimeanza kulegea, hofu yake huwa mashine ya kusafisha damu. Ina msingi, lakini wengi wao huuawa na moyo au kiharusi kabla ya kuifikia mashine hiyo. Figo ikivujisha protini iitwayo albumini, aghalabu mishipa ya kwingineko nayo inaumia. Kwa hiyo omba kipimo cha albumini ya mkojo pamoja na kreatinini ya damu kila mwaka, tangu ugonjwa ugundulike. Uwiano wa albumini kwa kreatinini ya mkojo ukifika miligramu 30 kwa gramu, kipimo kirudiwe kuthibitisha.

Utasema mkojo unatoka vizuri na huna maumivu. Figo haziumi mapema, na kreatinini huweza kusomeka sawa huku albumini ikivuja. Wapo wanaoacha losartan wakidai dawa za presha huua figo, kisha wakameza diklofenaki kila mgongo ukiuma; hapo wamekimbia mlinzi wakamkumbatia mwizi. Utafiti wa RENAAL wa 2001 ulikuta losartan ikipunguza hatari ya figo kufeli kabisa kwa asilimia 28, na ya kulazwa kwa moyo kushindwa kazi kwa asilimia 32. Ila daktari afuatilie potasiamu, na mjamzito asiitumie.