SOMO LA KAZI: MAJI NA UCHAFU KATIKA TANGI LA MASHUA



Wengi wetu huvuka Ziwa Mweru kwa mashua kutoka Nchelenge kwenda visiwa vya Chisenga na Kilwa (Kilwa hii si ile ya pwani ya Tanzania), na baadhi yetu ndio mafundi wa mashua hizo. Injini ikizimika mbali na nchi kavu wakati wa upepo, mashua hugeuza ubavu kwa mawimbi na kuanza kujaa maji. Kwa hiyo somo hili ni la fundi na la abiria pia.

Kwa nini izimike katikati ya ziwa na si gatini? Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, na lita ya maji gramu 1,000. Basi maji hukaa chini ya tangi pamoja na kutu na takataka, kimya kabisa. Mawimbi yakianza, uchafu wote huamka, huziba chujio, na injini hukosa mafuta. Ukivutwa hadi gatini uchafu umeshatulia tena, injini inawaka, na tajiri anasema fundi ni mzembe!

Maji huingia vipi? Bomba la TAZAMA lenye kilomita 1,710, lililojengwa 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, tangu 2023 limekuwa likileta dizeli badala ya mafuta ghafi. Kutoka huko mafuta huja Luapula kwa malori, kisha huingia katika mapipa, na kwenye pipa ndipo mambo huharibika. Pipa lililosimamishwa mvuani hushika maji juu ya kifuniko chake. Mchana hupata joto, usiku hupoa na kuvuta pumzi, na maji hayo hupenya kwenye kizibo. Lilaze pipa, vizibo vyake vikiwa sawa kushoto na kulia, chini ya usawa wa mafuta. Tangi lililoachwa nusu nalo hutoa jasho ndani. Palipo na maji chini ya dizeli huota vijidudu, ndio ule utelezi mweusi unaoonekana kwenye chujio.

Pima hivi. Mashua ikiwa imetulia usiku kucha, vuta mafuta kutoka chini kabisa ya tangi, utie katika chupa nyeupe ya kioo. Ukiona mstari, chini ni maji.

Kusafisha: zima injini, iache ipoe, ondoa waya wa betri, fungua pande zote upepo upite. Hapana sigara, hapana taa ya moto. Toa mafuta kwa bomba la mkono hadi chini. Matangi ya zamani yana kuta za ndani zinazoficha uchafu, kwa hiyo fungua mdomo wa tangi na ufute kila chumba kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Tangi la petroli ni hatari zaidi, mvuke wake hulipuka, na lisichomelewe kamwe kabla halijasafishwa mvuke wote. Uchafu usimwagwe ziwani, watu wanakunywa maji hayo. Wala usiutie katika taa ya nyumbani.

Badilisha machujio yote, kisha legeza skrubu ya chujio na upampu hadi mapovu yaishe. Baada ya safari ya kwanza yenye mawimbi, fungua chujio tena. Fundi asiyefanya hivi amefanya nusu ya kazi, maana mabaki yatakuwa yamekusanyika hapo.

Mimi niliwahi kukatwa mshahara kwa pampu iliyokufa kwa maji, nami sikuwa na ushahidi wowote. Sasa kila pipa likifika najaza chupa ndogo mbele ya aliyelileta, naandika tarehe, naye anatia sahihi. Chupa inakaa kabatini hadi pipa lile liishe.