SOMO LA LEO: JUA SAA ZA MTAA WAKO KABLA HUJAPOKEA HELA YA MTU

Mimi nauza madera kwa simu, na kifremu changu kiko Kariakoo, Dar es Salaam. Leo siongelei picha wala matangazo. Naongelea saa.

Jina Kariakoo limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokaa hapa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka leo mtaa ni wa mizigo, na mzigo una saa zake.

Asubuhi mapema wa jumla wameshaingia Mtaa wa Kongo na Aggrey. Ikifika saa sita, rangi nzuri zimeondoka. Saa kumi ni mikokoteni, machinga na watu. Hata boda anazima pikipiki anasukuma.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Dada mmoja wa Dodoma aliagiza madera 12 ya rangi moja, ya sherehe. Akalipa usiku, kwa picha niliyopiga jana yake. Nikafika kwa muuzaji saa tano, yamebaki saba. Nikazunguka hadi saa kumi, nikapata matano ya kufanana. Boda akakwama, basi likaondoka. Sherehe ilikuwa kesho yake.

Nikarudisha hela yote, madera nikauza chini ya bei niliyonunulia. Ila kilichoniuma zaidi ni ujumbe wake: "Mdogo wangu, ungeniambia mapema ningetafuta kwingine."

Sasa nafanya hivi:

1. Picha ya jana sio mzigo wa leo. Kabla sijapokea hela, nampigia muuzaji, ahesabu na aniwekee pembeni.

2. Oda ya mkoani mwisho saa nne asubuhi. Ikipita hapo, namwambia mteja wazi kuwa ni ya kesho. Wengi wanakubali.

3. Kifurushi kitoke mtaani kabla ya saa saba, njia bado inapitika.

4. Oda ya sherehe naipokea ikiwa zimebaki siku tatu au zaidi. Chini ya hapo naikataa, hata kama sina hela ya kula.

Wewe uliye Mwanza au Tanga, saa zako ni nyingine. Chukua daftari, kwa siku tatu andika mzigo unaingia lini, unaisha lini, njia inaziba lini. Ndipo umuahidi mteja.

Yule dada hajarudi mpaka leo.