Sataranji: Funzo la Mchezo wa Paris wa 1858

Wengi wanaoanza kujifunza sataranji hudhani kuwa ushindi ni kula kete nyingi za adui. Mchezo mmoja uliochezwa mjini Paris mwaka 1858 waonyesha kuwa sivyo.

Kete nyeupe zilichezwa na Paul Morphy, kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 21. Nyeusi zilichezwa na mabwana wawili walioshauriana, Duke wa Brunswick na Count Isouard.

Kila upande ulianza kwa kusogeza askari wa mbele ya mfalme nyumba mbili. Morphy akatoa farasi kumtisha askari wa adui, nao wakamlinda kwa askari wa mbele ya malkia. Mwanzo huu huitwa kwa jina la Philidor, Mfaransa aliyetoa kitabu cha sataranji mwaka 1749. Si mwanzo mbaya. Kosa lilitokea katika hatua ya 3. Mabwana wale walimtoa askofu upesi, kisha ikawabidi kumtoa kwa kubadilishana na farasi. Hivyo malkia wa Morphy akapata kutoka bila kupoteza zamu.

Katika hatua ya 7 malkia huyo alitisha mahali pawili kwa pamoja. Weusi wakamweka malkia wao mbele ya mfalme, naye akaziba njia ya askofu wao mwenyewe. Sasa Morphy aliweza kumla askari wa bure. Hakumla, bali alimtoa farasi wake wa pili. Hapo ndipo penye somo, kwani tamaa ya askari mmoja ingewapa adui nafasi ya kubadilishana malkia na kupumua.

Baadaye alitoa farasi, kisha ngome, na katika hatua ya 16 akamtoa hata malkia. Katika hatua ya 17 ngome yake ya mwisho, ikilindwa na askofu, ilimfunga mfalme mweusi. Weusi walikuwa bado na malkia, ngome, askofu na farasi. Lakini ngome na askofu hao hawakusogea hata mara moja tangu mwanzo.

Basi mwanafunzi na apange kete upya, asimame kwenye hatua ya 8, ajiulize: Ni kete gani yangu ambayo bado imelala?